Nilivyoshindana na Boti ya Mke Wangu

Mimi ni mtu wa Kisangani ambaye hafiki Kisangani. Naishi Lubunga, upande wa kushoto wa mto, na mji wenyewe, pamoja na soko kubwa, posta na maduka ya maana, uko upande wa kulia. Kuvuka ni muda wa kumaliza kikombe cha chai. Watoto wa shule wanavuka. Mbuzi wanavuka. Mimi ni mwaka wa tisa sijavuka. Nikihitaji shati, mke wangu anaenda kulinunua kwa kukisia, ndiyo sababu mashati yangu yote yananikaba shingoni, na ninashuku si bahati mbaya.

Kazi yangu ni toleka. Kwa Lingala ni kusema "tupite", na sisi tunaita hivyo baiskeli ya kubeba watu: kiti cha sponji nyuma, vyuma viwili vya kuwekea miguu, na mdomo wa kuita wateja. Mteja akisema, "Papa, libongo," yaani bandarini, nampeleka mpaka pale barabara inapoanza kuteremka, nafunga breki. Hatua mia zinazobaki atembee. Wengine wanatukana. Wanaonijua wanashuka wenyewe bila neno, kama mtu anavyovua viatu mlangoni pa msikiti.

Walionifanya niyachukie maji nawajua mmoja mmoja. Nimeambiwa katika maandishi ya namna hii majina hayawekwi. Sawa, sitaweka. Lakini mwenye boti niliyopanda miaka tisa iliyopita anajijua, maana kila Jumapili anakaa benchi ya mbele kanisani na kuimba kuliko kwaya. Ndiye aliyeongeza magunia ya mahindi juu ya magunia ya mahindi, halafu watu juu ya magunia. Yule wa ofisi ya bandari naye anajijua. Alikuja na kalamu sikioni, akaiangalia boti jinsi unavyoangalia harusi ya jirani usiyempenda, akacheka, akashuka na kuku wawili. Nahodha alikuwa anakunywa lotoko tangu asubuhi, ile pombe yetu ya mahindi inayowaka moto. Huyo simlaumu sana, alilipa palepale. Tulikuwa tunapanda mto, tumekaa karibu na ukingo kukwepa nguvu ya maji, saa sita ya mchana, jua limesimama. Boti ikapanda juu ya mti uliolala chini ya maji, ikapasuka kama boga. Tuliingia watu wawili wa nyumba moja, mimi na mdogo wangu. Nilitoka mmoja, nimekumbatia bidoni, dumu la njano la mtu nisiyemjua. Kando ile hapakuwa na kijiji. Hapakuwa na mtu.

Na mimi nimo katika hesabu ya wakosaji. Mdogo wangu alitaka tungoje boti ya Alhamisi. Ni mimi niliyemwambia, "Panda we, unaogopa nini?"

Basi, nimeshasema. Sasa tuongee baiskeli.

Mwaka jana, wakati mto umeshuka na njia zimekauka, mama mkwe wangu aliugua kule kwao Isangi. Yeye ni mtu wa mto, ukoo mzima wavuvi, wakristo wa kweli. Sisi ni watu wa msikiti tangu mababu waliokuja na misafara ya pembe, na kazi yetu ilikuwa kushona na kuuza. Siku ya ndoa mama mkwe aliniangalia kutoka chini mpaka juu akasema, "Huyu mwanaume iko mukavu sana." Nimekaa na neno hilo miaka ishirini na minne.

Mke wangu alienda kumuuguza mama yake, amepakiwa kwenye pikipiki ya kaka yake. Kabla hajaondoka tulipatana.

"Usirudi na boti," nilimwambia. "Nitakuya kukuchukua na toleka."

"Mpaka Isangi? Na toleka?"

"Na toleka."

"Papa, magoti yako inalia kama mulango ya jela."

"Nitakuya."

"Siku gani?"

"Jumamosi ya wiki mbili."

"Bon. Nitangoja. Lakini mimi si mulingoti ya bendera, nitangoja kwa kipimo."

Alivyosema kipimo nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Jumamosi ile ilipofika mnyororo ulikatika. Mkosaji ni muuza vipuri wa soko letu, mwenye jino moja la dhahabu, aliyeniuzia mnyororo wa zamani uliooshwa na petroli akaniapia kwa marehemu mama yake kwamba ni mpya. Baadaye nikamwona huyo mama marehemu sokoni, ananunua majani ya pondu. Jumamosi iliyofuata pampu yangu ilikuwa safarini. Jirani aliiazima asubuhi, mchana akaondoka nayo kwenda Opala bila kuniaga. Jumamosi ya tatu ni mgongo. Hapo sina wa kumshitaki isipokuwa mgongo. Kila mara nilipiga simu kutoa sababu, na kila mara mke wangu alisema "Ah bon", na ile "bon" ilikuwa inafupika.

Mwishowe nikaondoka. Nilitangaza kwenye kona yetu, pale tunapongojea wateja, kwamba ninakwenda safari ya pwani. Nyumbani kwetu baba alikuwa anaita ukingo wa mto "pwani", kwa sababu babu yake aliuita hivyo, na babu wa babu alitoka kwenye pwani ya kweli, ile ya bahari. Mimi nilikua nikidhani watu wote wanasema hivyo. Kumbe ni sisi tu.

"Pwani?" vijana wa kona walipiga makofi. "Papa, utuletee chumvi!"

"Ukiona nyangumi, umusalimie!"

"Papa anaenda kuoga bahari, yeye mwenye anaogopa mvua!"

Niliwaacha. Nilikuwa nimefunga kitenge cha mama mkwe, sukari, sabuni na maziwa ya kopo kwenye usukani, na nyuma nimeweka sponji mpya, nyekundu, ambayo haijakaliwa na mtu. Ile ilikuwa ya mke wangu. Nilikuwa nimevaa pia gile, kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari inayong'aa, nilichookota barabarani, ili malori yanione. Njia nzima sikukutana na lori hata moja, lakini gile ilifanya kazi nyingine.

Kijiji cha kwanza nilichosimama kuomba maji, watu walitoka nyumbani wakapanga viti. Mzee mmoja alivaa koti. Wakanikalisha, wakaniletea lituma, ndizi zilizotwangwa zikang'aa, na samaki mkubwa kuliko mkono wangu. Nilipomaliza samaki, mzee akakohoa.

"Bon. Mukubwa, sisi matatizo yetu iko tatu. Ya kwanza ni pampu ya maji."

Ndipo nilipofahamu kwamba kwa sababu ya gile wananidhania mtu wa projet, wale wa miradi ya misaada. Ningesema kweli. Lakini samaki alikuwa ameshaingia tumboni, huwezi kumrudisha. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Nimesikia." Wakafurahi sana. Walisema watu wa projet waliopita kabla yangu hawakusema hata hivyo.

Kijiji cha pili, hivyo hivyo: pampu, paa la shule, na kuku wa kuchoma. Cha tatu walitaka daraja. Nilikwenda na upepo mwanana, mto uko mkono wa kulia, mara unaonekana mara miti inauficha, mimi juu ya nchi kavu na tumbo limejaa. Mke wangu nilimkumbuka, ndiyo, lakini pole pole. Siku ile nilielewa kwa nini wale wa projet wananenepa, na nikawa mkosaji kama wao.

Nililala Yanonge kwa fundi cherehani mmoja ambaye tuko dini moja. Asubuhi, nimepita Yanonge kidogo tu, simu ikalia.

"Uko wapi?" mke wangu aliuliza.

"Niko njiani! Nimeshapita Yanonge. Kesho niko kwenu, ambia mama atayarishe."

Nyuma yake nikasikia kitu kinasema tu-tu-tu-tu-tu.

"Ni nini inalia?"

"Motere."

"Motere ya kusaga?"

"Papa, usikasirike. Jumamosi ya kwanza, munyororo. Jumamosi ya pili, pompe. Jumamosi ya tatu, mugongo. Mama amepona, kaka yangu amesema huyu mwanaume hatakuya mpaka Yesu arudi. Alors jana nimepanda."

"Umepanda nini?"

"Unajua."

"Umepanda nini, wewe bibi?"

"Baleinière."

Hiyo ndiyo boti yetu ya mbao, ndefu, ya motere, yaani injini. Aina ile ile iliyommeza mdogo wangu.

"Muko wengi?"

"Tuko... tuko na nafasi."

Mke wangu akisema uongo anarudia neno la kwanza. Nilitaka kuuliza maji yamefika wapi kwenye ubavu, lakini simu ilikatika. Wenye minara ya simu nao nawaweka kwenye hesabu yangu. Wanapata mtandao wa kututumia matangazo ya bahati nasibu usiku na mchana. Wa kumuuliza mke maji yamefika wapi, hawana.

Nilisimama katikati ya njia na mguu mmoja chini. Halafu nikaisikia boti yenyewe, bila simu. Ikatoka nyuma ya kisiwa, mbali, katikati ya mto, inapanda kuelekea Kisangani. Ilikuwa imejaa mpaka juu ya turubai. Ubavu wake ulikuwa umebakiza kiganja kimoja juu ya maji. Kiganja changu ninakijua.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angeendelea mpaka Isangi, angempa mama mkwe kitenge chake, angekula samaki. Au angerudi polepole nyumbani angoje. Kumfuata mtu aliye juu ya maji kwa baiskeli hakumsaidii chochote. Hayo yote niliyafikiria baadaye. Wakati ule nilikuwa nimeshageuza.

Basi nikaanza kurudi, na boti inapanda mkono wa kushoto sasa. Motere inayopigana na maji ya mto si ya haraka, na baiskeli yenye mchanga kwenye magurudumu si ya haraka. Tulikuwa tunatoshana. Shida ni kwamba njia haipendi mto. Inaufuata kidogo, inachoka, inaingia msituni. Kila ikiingia msituni nilikuwa siioni boti, naisikia tu motere kati ya miti, na nikiikosa hata kidogo, nakanyaga pedali zaidi. Nikitoka kwenye mwanga naitafuta. Ipo. Natukana kidogo kwa furaha, naendelea.

Nilikuwa nimesahau gile. Kijiji cha daraja waliniona nikitokea kasi, jasho linatiririka.

"Projet imerudi! Projet imerudi!"

"Mukubwa, daraja!"

"Inakuya!" nilipiga kelele bila kusimama.

"Lini?"

"Inakuya!"

Cha paa la shule walikimbia nyuma yangu mpaka mwisho wa migomba, na mama mmoja akasema kwa sauti niliyoisikia vizuri, "Huyu wa sasa anakula na anakimbia. Wale wengine angalau walikuwa quand même wanakaa." Nikaivua gile, nikaitupa kichakani. Kwa hiyo atakayeiokota atakula vizuri.

Mahali pamoja njia kubwa inauacha mto kabisa kwa muda mrefu, lakini kuna kijia kinachobaki kando ya maji. Nilisimama nikisita, na nilipokuwa nasita nikasikia baiskeli imekuwa nzito. Nikageuka. Bibi kizee mmoja, koko wa miaka sijui mingapi, alikuwa ameshakaa kwenye sponji nyekundu, kikapu cha kwanga, ule mkate wetu wa muhogo wa kwenye majani, kiko mapajani.

"Twende," akasema.

"Koko, kiti hii iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Iko kwa boti."

"Basi kwa boti ameshakaa. Twende. Pitia huku, ni karibu."

Nikapitia huku. Mizizi, matope, matawi ya kukuchapa usoni, naye nyuma yangu ananyooka kama malkia.

"Unafukuza ile boti?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Imekuibia?"

"Imebeba bibi yangu."

"Ahaa! Amekimbia na mwanaume."

"Hapana, koko. Anarudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

Tulipita mizizi kama kumi hivi.

"Mutoto yangu," akasema, "mimi nimezika bwana tatu. Sijaona mwanaume anafukuza mwanamuke mwenye anakuya kwake."

Nilimwambia tu kwamba maji si kitu cha kuamini. Akasema wanaume pia, na hajawahi kusikia mtu akiwafuata kwa baiskeli.

Tulifika kwake kabla ya boti, na hilo nililihesabu kama ushindi. Pale boti hazifungwi ukingoni. Zinapunguza mwendo tu, mitumbwi inaenda kuwauzia watu chakula. Koko alishuka kwenye kiti, akaingia mtumbwini na kikapu chake kana kwamba anaingia jikoni, wakampeleka. Mimi nilijificha nyuma ya migomba. Sijui kwa nini. Mtu umetoka jasho siku nzima ili umwone mke wako, halafu anatokea unajificha kama mwizi wa ndizi. Lakini nilimwona. Alikuwa juu ya magunia, chini ya mwavuli wa buluu, anakula. Kila mtu juu ya boti alikuwa anaongea, anacheka, ananunua kwanga. Hakuna aliyekuwa anaangalia kile kiganja.

Basi, kutoka pale mambo yaliharibika. Tangu asubuhi nahodha alikuwa amekaa katikati ya mto, na katika moyo wangu nilikuwa nimeshaanza kumsifu. Kumbe nilimsifu mapema. Mara tu walipoondoka pale, boti ikaacha katikati, ikaja kando, ikawa inalamba ukingo wa kushoto, upande wangu, karibu mpaka naona ndevu za nahodha. Na maji yameshuka! Miti iliyozama iko pale chini, imelala kama mamba, kila mtoto wa mto anajua.

"Katikati!" nilipiga kelele. "Rudi katikati, muuaji!"

Nahodha aliinua mikono miwili, kama mtu anayesema mimi sina neno. Na abiria, sikilizeni hii, abiria wakanipungia mikono. Wakapiga makofi. Kijana mmoja juu ya turubai akacheza.

"Miti! Kuna miti, wajinga nyinyi! Katikati!"

"Papa, pedale! Pedale!" wakajibu.

Nikaona ni walevi wote, lotoko imeshapita kutoka mkono hadi mkono. Msitu ukanimeza, nikatoka upande wa pili, boti bado iko kando. Nikatukana tena. Wakashangilia tena, zaidi kuliko mwanzo, kama timu yao imefunga. Nilimwahidi nahodha yule mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ambayo watoto watasoma. Nilimtaja mama yake. Nilimwahidi jela, hospitali na kaburi, kwa mpangilio huo. Saa zikapita hivyo. Magoti yangu hayakulia tena kama mlango. Yalinyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha zaidi. Maziwa ya kopo yalianguka sijui wapi. Kitenge cha mama mkwe nilikifunga kichwani kuzuia jasho, mchana kweupe, mimi mwanaume mzima na kitenge cha maua ya waridi. Kila nikiiona boti nahesabu: mwavuli wa buluu upo. Upo. Bado upo.

Jua lilikuwa linaanza kulegea tulipoingia Lubunga. Boti hii ilikuwa inashusha watu wetu kwanza kabla ya kuvuka kwenda mjini, hilo alhamdulillahi. Nilifika pale juu, mwanzo wa mteremko, nikafunga breki, na miguu ikakataa kushuka kwenye pedali. Nikaegemea ukuta wa duka la sabuni nikiwa bado juu ya baiskeli. Kutoka pale niliwaangalia wanashuka. Magunia, kuku, mama mwenye mapacha, kijana mcheza ngoma. Niliwahesabu kana kwamba ni mimi niliyewapakia. Halafu mwavuli wa buluu.

Alipanda mteremko na mzigo wake kichwani, bila haraka. Nyuma yake, kule chini, abiria walikuwa wananinyooshea kidole na kupiga mbinja.

"Habari ya safari," nilimwambia, kama mtu aliyekuwa nyumbani wiki nzima.

Alikiangalia kitenge kichwani pangu. "Hiyo ni ya mama?"

"Nilikuwa naishika tu."

"Mm."

Alitua mzigo. Ulikuwa mdogo. Kwao hawamwachi mtu aondoke bila kapu la samaki wa moshi, na mimi tangu Yanonge nilikuwa nawanusa kwa mawazo.

"Samaki ziko wapi?"

"Nahodha amekula."

"Yule mwizi! Nilijua! Yule mutu nitamushitaki, amepita kando siku muzima, juu ya miti, angewaua wote, na tena amechukua..."

"Ni mimi nimemupa."

"Kwa nini?"

"Koko moja amekuya kuuza kwanga. Ameuliza boti yote: nani iko na bwana mwembamba mwenye anafukuza wanawake na baiskeli? Nikanyamaza, haya ilinishika. Halafu nikakuona kwa migomba. Papa, ile migomba iko myembamba kuliko wewe." Alikuwa anajizuia kucheka, lakini mabega yalimsaliti. "Nikamwambia nahodha, tafadhali, pita karibu na ukingo, bwana yangu iko na moyo ya kuogopa, akiniona atatulia. Akakataa. Akasema kando iko hatari, iko miti. Nikamupa samaki mbili. Akakataa. Nikamupa yote."

Nilimwangalia. Nahodha yule, niliyemtukana mama yake tangu adhuhuri, ndiye mtu pekee mwenye akili aliyekuwa juu ya maji siku ile, na alinunuliwa kwa kapu la samaki na mke wangu. Nimekaa miaka tisa nikiwataja wakosaji wa mto, sijakosea hata mmoja. Huyu nilimkosa, na alikuwa ananifulia mashati.

"Na wale watu?" niliuliza. "Walikuwa wanashangilia nini?"

"Walikuwa wanabishana. Kila msitu, wengine wanasema atatokea, wengine wanasema huyu sasa amekufa."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nasema utatokea."

Duka la sabuni lilikuwa linafungwa. Mwenye duka alituomba tusogee, nikasogea kidogo na ukuta wake.

"Lakini niambie kitu moja," mke wangu akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Ungefanya nini? Kama ingepasuka. Wewe kuogelea hujui. Ungeingia na baiskeli?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unafuata ya nini?"

Nilitafuta jibu la mwanaume na sikulipata. Nikampa lile lililokuwepo.

"Ili kando kuwe na mutu."

Anajua siku ile boti ilipopasuka kama boga, anajua nilivyotoka kwenye kando isiyo na mtu. Alichukua kitenge kichwani pangu, akakikung'uta, akakikunja, akakiweka kwenye mzigo. Halafu akashika usukani.

"Bon. Shuka kwa hiyo kiti."

"Siwezi. Miguu imekataa."

"Basi sogea nyuma."

Nilijivuta mpaka kwenye sponji nyekundu. Ilikuwa na matope ya koko. Mke wangu alifunga mzigo mbele, akaanza kusukuma, ananipitisha kwenye kona yetu, mbele ya vijana wote, hapakuwa na njia nyingine.

"Papa, pwani ilikuwa je?" wakauliza.

"Jibu, wanakuuliza," akasema mke wangu, anahema.

Nikawaambia iko na watu wengi.